Usipoziba Ufa: Matengenezo ya Nyumba ya Mfanyakazi Wakati wa Mvua



Mwezi wa Aprili hapa Gisenyi hauna haja ya kuelezwa. Unatoka zamu ya mchana, wingu jeusi limekwisha kushuka kutoka upande wa volkano hadi ziwani, na kabla hujafika nyumbani mvua imekutangulia. Ukifungua mlango unamkuta mama watoto amepanga sufuria, karai na ndoo sakafuni, kila kimoja chini ya tundu lake, na watoto wamesogezwa pamoja na mkeka wao kwenye pembe moja iliyo kavu. Naye mchuma chai anayeshuka kutoka mashamba ya Pfunda amelowa tangu asubuhi, anafika kwake anakuta na kitanda nacho kimelowa. Kesho alfajiri wote wawili wanatakiwa kazini.

Wenzetu wa nchi za baridi wana miezi ya theluji. Miezi hiyo hujifungia ndani, wakatengeneza milango, meza na rafu, wakingoja jua. Sisi theluji hatuna. Majira yetu ya kujifungia ndani ni mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Septemba hadi Desemba. Wengi wetu husema, "Hii si saa ya kutengeneza nyumba, tungoje kiangazi." Neno hilo ni nusu kweli. Zipo kazi za kungoja jua la Juni, na zipo kazi ambazo ukizingojesha hadi Juni hutazikuta tena, kwa sababu ukuta wenyewe utakuwa umekwisha kulala chini.

UFA ULIOFICHWA NA KALENDA

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asidhani nafundisha nisiyoyajua.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Moto wake ulishuka upande wa Goma, na maelfu ya watu walivuka mpaka kuja kwetu. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara kwa mara, na nyumba nyingi za Gisenyi zikapasuka. Yangu nayo ilipata ufa: mwembamba, unaanzia pembe ya dirisha na kushuka kwa mshazari kuelekea chini. Nilishukuru Mungu kwamba ni huo tu. Kisha nikatundika kalenda juu yake. Mwaka ulipogeuka nikatundika kalenda nyingine.

Nyumba yangu, kama nyingi za mtaa wetu, imesimama juu ya msingi wa amakoro, yaani mawe meusi ya volkano, na kuta zake ni za rukarakara, matofali ya udongo yasiyochomwa. Msingi haukuwa na lawama. Lawama ilikuwa kwa maji. Paa langu halikuwa na mfereji, na kila mvua iliponyesha maji yote ya upande ule yalidondoka chini karibu na ukuta, yakarukia matofali, yakaingia katika ufa. Masika ya 2023, mchana mmoja wa Aprili, pembe ile iliporomoka juu ya kitanda cha mwanangu. Alikuwa shuleni. Usiku uliotangulia alikuwa amelala pale pale.

Mwaka 2021 kazi ile ingenigharimu ndoo chache za udongo uliokandwa vizuri, kipande cha bati la kukunja kuwa mfereji, na Jumamosi mbili. Mwaka 2023 ilinigharimu mkopo ambao niliulipa mwaka mzima. Wazee walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta.

MVUA NI MKAGUZI ASIYELIPWA

Kiwandani mkaguzi akija kila mtu husafisha mashine. Nyumbani mkaguzi wetu ni mvua, naye haombi hata chai. Basi mvua kubwa inaponyesha nawe uko nyumbani, usikae tu kunung'unika. Chukua kalamu ya risasi au kipande cha mkaa, fanya mambo manne.

Kwanza, tazama dari na boriti kutoka ndani, uweke alama mahali hasa maji yanapopenyea. Kumbuka kwamba tone linapoanguka sipo tundu lilipo. Maji hutembea juu ya ubao kabla ya kudondoka. Yafuate kwa macho hadi juu.

Pili, tazama dirishani maji ya paa yanaanguka wapi na yanakwenda wapi. Je, yanakimbia mbali na nyumba au yanatuama kwenye msingi?

Tatu, pitisha mkono ukutani chini, karibu na sakafu. Udongo ukiwa laini, au plasta ikilia uwazi unapoigonga kwa kidole, maji yamekwisha ingia.

Nne, kwa kila ufa andika tarehe kwenye miisho yake miwili. Mwezi ujao utazame tena. Ufa uliobaki pale pale ni ufa uliolala, waweza kuuziba. Ufa uliopita alama yako unatembea, na ufa unaotembea una sababu chini yake. Ukiuziba bila kuiondoa sababu, umefunga kidonda chenye usaha.

PAA

Sharti la kwanza: usipande juu ya paa lililolowa. Bati lililolowa huteleza kama sabuni, na mfanyakazi aliyevunjika kiuno nyumbani kwake ni shida kumpatia fidia ya kazini. Ngoja asubuhi kavu. Hata katikati ya masika siku hizo zipo. Ngazi ishikwe na mtu mwingine. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, maana chini yake ndipo penye ubao.

Mara nyingi mvujo hutoka kwenye msumari wenyewe. Msumari wa bati hupigiliwa juu ya mgongo wa mkunjo, si katika bonde, kwa kuwa maji hupita bondeni. Kichwani uwe na kofia na kipande cha mpira. Ukikuta tundu la zamani bondeni, safisha kutu kwa brashi ya waya, paka lami, weka kiraka cha kitambaa kizito, paka lami tena juu yake. Kiraka hicho kitakufikisha kiangazi. Mahali bati linapolalia jingine kwa urefu, lilaliane si chini ya sentimita 15, na paa likiwa la mteremko mdogo liongezwe hadi 20. Wengi hupunguza hapo ili bati moja litoshe mahali pa bati na nusu, kisha hulaumu kiwanda cha mabati.

Upepo wa ziwani nao tusiusahau. Hauvunji bati, bali huliinua pamoja na mbao zake. Kagua kama boriti zimefungwa kwenye ukuta kwa waya mnene, au zimewekwa tu juu yake. Kufunga waya ni kazi ya saa chache, tena hufanyiwa ndani, hata mvua ikinyesha.

Jambo moja la kutoguswa: mapaa ya zamani ya asbesto, yale ya kijivu, mazito, yanayovunjika kama kigae. Vumbi lake likivutwa pumzini huleta maradhi ya mapafu na kansa baada ya miaka mingi. Usilikate, usilitoboe, wala usilisugue. Serikali imekuwa ikiendesha kazi ya kuyaondoa mapaa hayo nchini. Uliza ofisi ya Umurenge wako, kazi hiyo ifanywe na waliofunzwa.

MAJI YA CHINI YA UKUTA

Watu huogopa maji yanayotoka juu, lakini nyumba ya udongo huuawa na maji ya chini. Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 7 ni mita za mraba 42. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu si ya ajabu, huangusha juu ya paa hilo lita 1,260, yaani zaidi ya mapipa sita ya lita 200. Bila mfereji, mapipa hayo sita umeyamwaga mwenyewe kwenye msingi wako, jioni moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya masika, kabla ya saruji na rangi, ni jembe. Chimba mtaro kiasi cha mita moja kutoka ukutani. Sakafu yake iteremke sentimita mbili kwa kila mita, ili maji yasisimame. Kama huna pima maji, chupa iliyojazwa nusu na kulazwa juu ya ubao ulionyooka itakuonyesha upande wa mteremko. Tandika mawe ya amakoro ndani ya mtaro, yasiyochukuliwa na maji. Mawe hayo kwetu hayanunuliwi mbali. Kisha pandisha udongo kati ya mtaro na ukuta, uushindilie, uelekee nje.

Angalia pia mtaro wako unamwaga wapi. Ukimaliza mlangoni kwa jirani hujatengeneza nyumba, umehamisha gharika. Zungumzeni, muunganishe mitaro hadi kwenye mfereji wa barabara.

Mfereji wa paa, hata wa bati lililokunjwa kwa mkono, ukimwaga ndani ya pipa utakupa maji ya kufulia. Pipa lifunikwe, kwani maji ya wazi ni nyumba ya mbu, na mtoto mdogo huweza kutumbukia.

NYUFA NA PLASTA

Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si wa kukukosesha usingizi. Ufa wa mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha utazamwe. Ufa unaoingiza kidole, au ukuta ulioacha kusimama wima, si kazi yako na yangu. Mwite fundi mwenye timazi, na watoto walale chumba kingine usiku huo huo.

Kwa ufa uliolala, upanue kwa patasi uwe mpana nje na mwembamba ndani, ondoa vumbi lote, ulowanishe, ndipo ujaze. Ukuta wa matofali ya kuchoma jaza kwa saruji sehemu moja na mchanga sehemu nne. Uuweke unyevu kwa siku saba. Hapo masika hutusaidia, kwa kuwa saruji haikauki kwa pupa. Bali uikinge kwa turubai siku ya kwanza isioshwe.

Ukuta wa rukarakara ni habari nyingine. Wengi hupaka saruji kali juu ya udongo wakidhani wameuvika chuma. Saruji na udongo havipumui sawa: unyevu hunaswa nyuma, na baada ya misimu miwili plasta hubanduka vipande vikubwa pamoja na uso wa tofali. Udongo huzibwa kwa udongo. Chukua udongo kama ule wa ukuta, ongeza mchanga na majani makavu yaliyokatwa mafupi, ukande kwa miguu, uulaze usiku kucha, kisha ujaze kwa tabaka nyembamba. Nje, plasta ya udongo ingoje kiangazi; kwa sasa kinga ukuta kwa turubai.

Saruji uliyonunua usiiweke sakafuni, hata siku moja. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, ifunikwe. Ikishaganda mabonge yasiyopondeka kwa vidole, hasara hiyo hairudishwi na duka.

KAZI ZA NDANI

Mlango uliovimba kwa unyevu usiukimbilie kwa randa. Ukiuranda Aprili, Julai utakuwa na pengo la kupitisha panya. Kaza bawaba kwanza, na uparuze kidogo tu. Ndani ya nyumba, mvua ikinyesha, ndiyo saa ya kutengeneza kitanda kinacholia, kuinua masanduku ya nguo na mfuko wa maharage juu ya mbao, kunoa jembe na kubadili mipini.

Waya wa umeme uliolowa usiguswe. Zima swichi kubwa, mwite fundi umeme. Wa kuunganisha kwa mkanda na kubahatisha tumewazika kiasi cha kutosha.

Tena kuna hatari moja inayoletwa na matengenezo yenyewe. Mtu akishaziba kila tundu kwa ajili ya baridi, huingiza mbabula yenye makaa chumbani, watoto wapate joto. Sisi wa pande hizi tunayajua mazuku, hewa nzito ya volkano inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na watu. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya namna nyingine, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua waliolala bila kuwaamsha. Mbabula ibaki nje. Na tundu la hewa lililo juu ya dirisha usilizibe kamwe. Lizuie mvua kwa kijikofia cha bati, hewa ipite.

NYUNDO HAIZUII MTO

Majuma machache baada ya ukuta wangu kuanguka, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilinyesha ambayo hatutaisahau. Mto Sebeya ulifurika, milima ikamomonyoka, na katika wilaya za magharibi na kaskazini mwa nchi, Rubavu ikiwamo, watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Maelfu ya nyumba ziliharibika. Miongoni mwa nyumba hizo zilikuwamo za mafundi hodari, zenye paa zuri na plasta safi.

Tuseme ukweli bila kuupaka rangi: hakuna mfuko wa saruji unaozuia mto, wala mtaro unaozuia mlima. Nyumba iliyo ukingoni mwa Sebeya au chini ya mteremko mkali haihitaji fundi, inahitaji kuhama. Ishara zake ni hizi: ardhi ya juu ya nyumba imepasuka, miti au nguzo zimeanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri umekwama ghafla, maji ya tope yanabubujika mahali ambapo hayakuwapo. Ukiona moja ya hizo usiku wa mvua, waamshe watoto, ubebe vitambulisho, mwondoke. Sufuria hununuliwa tena.

Najua si rahisi. Mtu hukaa ukingoni kwa sababu kodi ya ukingoni ndiyo inayolingana na mshahara wake. Hapo ndipo matengenezo yanapoacha kuwa habari ya nyundo yakawa habari ya chama.

MPANGAJI NA MKAZI WA SHAMBANI

Mpangaji huuliza, "Nyumba si yangu, kwa nini niitengeneze?" Jibu ni kwamba nyumba si yako, lakini kichwa kilicho chini ya paa ni chako. Walakini usitoe fedha kabla ya kupatana. Mwonyeshe mwenye nyumba uharibifu, mkubaliane ni nani anunue vifaa na ni kiasi gani kikatwe katika kodi, muandike karatasi mbili mbele ya shahidi wa mudugudu. Mapatano ya mdomo husahaulika siku paa linapoacha kuvuja.

Kwa wanaokaa katika nyumba za mwajiri, mambo hayo yana misingi ya kimataifa. Mkataba wa Mashamba Makubwa wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, nambari 110, una sehemu nzima juu ya makazi. Unasema viwango vya chini vya nyumba viwekwe na mamlaka ya serikali, na inapowezekana ziwepo kamati za ushauri zenye wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Pendekezo nambari 115 la mwaka 1961 nalo linahusu makazi ya wafanyakazi. Basi mjumbe wa chama anapoingia mkutanoni asiseme tu "nyumba zinavuja." Aende na orodha: nyumba namba fulani, tundu ngapi, ukuta upi, tangu tarehe gani. Zile alama za kalamu ya risasi ulizoweka wakati wa mvua ndizo ushahidi wake. Mwajiri aweza kubishana na malalamiko. Kubishana na tarehe ni vigumu zaidi.

MIKONO MINGI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, na mtaro wa mtaa ni kazi yake hasa. Zaidi ya hapo, wafanyakazi kumi wa zamu moja wanaweza kupatana: kila Jumapili mchana nyumba moja, kwa zamu, mwenye nyumba atoe vifaa na chakula, wenzake watoe mikono. Miongoni mwa kumi hamkosi mwashi mmoja na seremala mmoja. Ngazi moja, nyundo mbili, patasi, timazi na msumeno vikinunuliwa na ikimina, vitatumika nyumba zote kumi. Na ianzwe nyumba ya mjane au ya mwenzetu aliyeumia kazini, si ya kiongozi wa kikundi.

Nami leo ninapoandika haya mvua inanyesha. Mfereji unaimba, pipa limejaa, mwanangu amelala kwenye pembe ile ile. Kalenda ya mwaka huu nimeitundika mlangoni, mahali ambapo haifichi kitu.

Ndugu msomaji, kabla ya kulala usiku huu inua kalenda yako, utazame nyuma yake.

UMOJA NI NGUVU.